Farasi Mgeni Zizini: Mwongozo Kamili wa Kumtuliza na Kujenga Imani Naye

Mtu akishanunua farasi, mawazo yake yote huwa kwenye siku ya kumpanda. Farasi mwenyewe anaposhuka garini hana habari na mpango huo. Kwa safari moja amepoteza wenzake, malisho aliyoyajua, saa alizozoea kulishwa na mikono iliyokuwa ikimhudumia. Ni mnyama ambaye kinga yake dhidi ya hatari ni mbio na kundi. Sasa kundi halipo, na hata akitaka kukimbia hajui uzio unaishia wapi. Mengi yanayoitwa ukaidi katika wiki za mwanzo chanzo chake ni hicho.

Niseme mapema ninachokiamini, ili ujue kwa nini hatua nyingi hapa chini zinakwenda polepole: farasi humwamini mtu anayetabirika. Unaweza kumpenda kupita kiasi na bado akakuogopa, kwa sababu leo unambembeleza, kesho unamvuta kamba kwa hasira, keshokutwa unamjia na kundi la wageni wanaotaka kupiga picha. Akishajua utafanya nini, na akishajua kwamba ukiomba kitu akakupa utaacha kuomba, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

## Kabla hajafika

Mhoji mmiliki wa zamani bila haya. Anakula nini, kiasi gani, saa ngapi? Alikuwa akilala ndani au nje, na jirani zake walikuwa nani? Chanjo na dawa ya minyoo alipata lini mara ya mwisho, na kwato zilipunguzwa lini? Hapendi kuguswa wapi? Alikuwa akivalishwa lijamu ya aina gani? Andika majibu yote, kwa maana baada ya wiki mbili utayahitaji na hutayakumbuka.

Kisha omba au nunua chakula kile kile alichokuwa akila, cha kutosha wiki mbili. Hili watu hulidharau, na ni kosa la gharama. Nyasi huvunjwavunjwa na vijidudu vilivyomo kwenye utumbo wake mpana, na vijidudu hivyo vimezoea chakula fulani. Ukibadilisha ghafla, unavivuruga, na farasi hana uwezo wa kutapika ili ajiokoe. Matokeo huweza kuwa koliki, yaani maumivu makali ya tumbo ambayo huua, au kuvimba ndani ya kwato. Badilisha ndani ya siku 7 hadi 14: anza na robo ya chakula kipya na robo tatu ya kile cha zamani, kisha nusu kwa nusu, ukiongeza taratibu.

Mahali pake pakague kwa miguu, si kwa macho kutoka langoni. Tembea uzio mzima ukitafuta misumari, waya uliolegea, mashimo na mimea yenye sumu. Waya wa seng'enge uondoe kabisa. Farasi mwenye hofu hauoni mpaka umeshamchana. Kama atalala ndani, chumba cha takriban mita 3.5 kwa 3.5 kinamtosha farasi wa umbo la kawaida ageuke na alale chini. Na hakikisha kutoka pale alipo anaweza kumwona farasi mwingine, hata kama bado hawaruhusiwi kugusana. Farasi asiyeona mwenzake yeyote hazunguki uzio usiku kucha kwa utundu.

## Siku anayowasili

Panga afike mchana, mapema. Waambie jamaa na marafiki waje wiki ijayo. Pale awe mtu mmoja anayeongoza, mwingine wa kufungua lango, basi.

Akishashuka, mwache asimame anuse. Usimvute. Akishusha kichwa, mzungushe polepole kandokando ya uzio, pande zote mbili, ili kila jicho lione mipaka. Mwonyeshe maji. Mwonyeshe nyasi. Kisha mfungulie ukiwa umemgeuzia uso kwenye uzio na wewe umesimama upande wa lango, kwa sababu baadhi yao wakihisi kamba imetoka hugeuka na kurusha mateke ya furaha bila kujali nani yuko nyuma.

Kama safari ilikuwa ndefu, jambo la kuangalia zaidi ni mapafu. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kuinama kutoa kamasi na vumbi kwenye njia ya hewa, na maambukizi ya mapafu huweza kuanza siku moja mpaka tatu baadaye. Kwa hiyo nyasi za siku hiyo ziweke chini, si kwenye wavu wa juu, na umpime joto asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne za kwanza.

Vipimo vya farasi mzima aliyetulia ni hivi: joto kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 za selsiasi, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Mapigo utayapata kwa vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Akiwa na mfadhaiko wa safari yatapanda, lakini yashuke baada ya kutulia. Joto likivuka 38.5 naye amepumzika, mpigie daktari wa mifugo.

Maji nayo yahesabu kwa ndoo. Farasi wa kilo 500 hunywa takriban lita 25 hadi 45 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au akifanya kazi. Wengine hugomea maji mageni kwa ajili ya harufu au ladha tu. Ukiona hivyo, loweka nyasi zake kwenye maji ili anywe bila kujua. Kinyesi pia hueleza mengi: mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida. Farasi asiyenya, anayeparua ardhi, anayegeuka kutazama ubavu wake, anayetaka kulala na kuinuka tena na tena, huyo ana koliki mpaka daktari aseme vingine. Usisubiri asubuhi.

## Karantini isiyo ya upweke

Kama una farasi wengine, mgeni akae mbali nao wiki 2 hadi 4. Ndoo zake, brashi zake, na uma wake wa kuzolea kinyesi visiguse wengine, na wewe mwenyewe uwahudumie wenyeji kwanza, mgeni mwisho. Adui mkubwa ni ugonjwa wa majipu ya tezi za taya unaoletwa na bakteria Streptococcus equi: homa, kamasi nzito, tezi zilizovimba chini ya taya. Dalili kwa kawaida hutokea siku 3 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Balaa lake ni kwamba farasi aliyepona anaweza kubaki na bakteria hao miezi mingi kwenye vifuko vya hewa vilivyo juu ya koo, akionekana mzima kabisa. Daktari anaweza kumpima.

Kipindi hicho hicho mpe daktari sampuli ya kinyesi ihesabiwe mayai ya minyoo kabla ya kumnywesha dawa. Kumwaga dawa bila kupima ndiko kulikowapa minyoo wengi usugu. Mruhusu pia atazame meno na mgongo. Farasi mwenye jino linalomchoma au mgongo unaouma hawezi kukuamini, kwa sababu kila ukimgusa unamwumiza, na wala hujui.

Wenzake awaone ng'ambo ya nafasi ya mita kadhaa. Inatosha kumtuliza bila pua kugusana.

## Jifunze kumsoma kabla ya kumfundisha

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, maana mtu asiyejua kusoma farasi hawezi kujua lini aache.

Anza na macho yake. Yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu duara zima, takriban nyuzi 350. Pasipoonekana ni sehemu mbili: nyuma ya mkia moja kwa moja, na mbele ya paji la uso karibu kabisa. Ukimjia kutoka kwenye mojawapo, kwake umetokea hewani. Ndiyo sababu mkono unaonyooshwa ghafla kumpapasa paji la uso humfanya arudi nyuma, ilhali mkono huo huo begani hana shida nao.

Masikio ndiyo yanayosema haraka. Yakigeuka huku na huku taratibu, anasikiliza. Yakisimama wima kuelekea kitu kimoja huku shingo imepanda, ameshtuka. Yakilala nyuma yakabana shingoni, anaonya, na usipoelewa onyo hilo kinachofuata ni meno au teke. Yakilegea pembeni, mdomo wa chini ukaning'inia na mguu mmoja wa nyuma ukapumzika ncha ya kwato chini, anasinzia, usimshtue. Tazama pia ngozi juu ya jicho: ikikunjamana kuwa pembetatu, na tundu za pua zikakaza, ana hofu au maumivu hata kama miguu imetulia tuli.

Naye anakusoma wewe, tena kwa ustadi zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin alikuwepo farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu Wilhelm von Osten, aliyesifika kwa kujua hesabu: akiulizwa jumla, alikuwa akigonga kwato mara zinazotakiwa. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa akimtazama muulizaji. Idadi ya mapigo ya kwato ilipofika kwenye jibu sahihi, kichwa cha mtu yule kilisogea kidogo sana bila mwenyewe kujua, na Hans akaacha kugonga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nao walichapisha mwaka 2016 kwamba farasi wakionyeshwa picha ya uso wa mtu mwenye hasira, mapigo ya moyo wao hupanda upesi kuliko wakionyeshwa uso wenye furaha. Kwa hiyo siku uliyogombana na mtu nyumbani, mlishe farasi, msafishie, ondoka. Mafunzo yangoje.

Kuna farasi mmoja anayewadanganya wanunuzi wengi: yule mtulivu mno. Anasimama popote, haguswi na chochote, macho yametazama mbali. Mwenye naye anafurahi kwamba amepata mpole. Mara nyingi huyo ameganda tu. Hofu imemfanya ajifunge ndani. Wiki ya tatu au ya nne, anapoanza kujisikia yuko salama, ndipo tabia yake halisi inapotokea: anakataa, anashtuka, anasukuma. Watu husema ameharibika. Kwa maoni yangu ameanza kuzungumza, na hapo ndipo unapoanza kazi naye.

## Wiki ya kwanza: ratiba ile ile kila siku

Usimfundishe kitu. Mlishe saa zile zile, pitia lango lile lile, vaa harufu ile ile ukiweza (manukato mapya yangoje). Kaa kwenye kiti nje ya uzio ukisoma kitabu, au zoa kinyesi uwanjani bila kumfuata. Aje akunuse akitaka. Akija, usimshike, mwache anuse, aondoke. Kwake hilo ni jambo geni na zuri: mtu anayeweza kukaribiwa na kuachwa.

Chakula kiwe nyasi karibu muda wote. Tumbo la farasi ni dogo na hutoa asidi mfululizo, awe anakula au hali, kwa hiyo akikaa tupu saa nyingi asidi huanza kumla ukuta wa tumbo, na mfadhaiko wa kuhama huzidisha. Kiwango cha chini ni asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku katika nyasi kavu. Farasi wa kilo 500 apate kilo 7.5 mpaka 10. Nafaka punguza. Hafanyi kazi bado, na nguvu za bure humpandisha kichwa.

Kagua kama amelala. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito wa ndoto huupata akiwa amelala chini tu, na hulala chini akijiona salama. Asubuhi tafuta maranda au majani kwenye mkia, ubavuni, au shavuni. Siku utakapoyaona kwa mara ya kwanza ujue hatua kubwa imepigwa, na wewe wala hukuwepo.

## Kumkaribia na kuondoka

Ukishaona anakula kwa utulivu ukiwa karibu, anza zoezi hili. Lifanye kwa dakika 10, si zaidi, mara moja au mbili kwa siku.

Ingia uwanjani mikono ikiwa chini, mabega yamelegea. Tembea kuelekea bega lake, kwa mstari uliopinda kidogo, usimkazie macho usoni. Atakuona mapema. Kwanza sikio moja litakugeukia, endelea kutembea. Hatua chache mbele, ataacha kutafuna, kipande cha nyasi kikiwa bado kinaning'inia mdomoni, na shingo itapanda kidogo. Simama pale pale. Usisogeze hata hatua moja ya ziada, maana hatua hiyo ndiyo itakayomwondoa. Toa pumzi yote, geuza kifua chako pembeni kidogo, utazame ardhi. Ngoja. Huenda ikachukua sekunde tano au dakika mbili. Akitafuna tena, akipepesa macho au akishusha shingo, geuka uondoke.

Ni lazima uondoke. Wengi humwona ametulia wakafurahi, wakaendelea mbele, na farasi akajifunza kwamba kutulia kunamkaribisha mtu asiyetakiwa. Ukiondoka, unamwambia kwamba utulivu wake unasikika. Rudia. Umbali utapungua wenyewe, mpaka siku utakapogeuka uondoke na kusikia kwato zikikufuata.

Akikukimbia je? Usimfukuze, wala usimwekee kona. Punguza mwendo, badilisha mwelekeo kana kwamba ulikuwa ukienda kwenye uzio, uanze tena kutoka mbali zaidi. Farasi aliyewahi kukamatwa kwa kukimbizwa huhitaji wiki kadhaa za zoezi hili, na mwenye farasi asiyeweza kungoja wiki hizo atatumia miezi kumkimbiza.

## Mkono wa kwanza

Gusa bega kwanza, kwa kiganja kizima, kwa uzito wa kawaida. Kupapasa kwa ncha za vidole humkera kama inzi. Hesabu moja, mbili, ondoa mkono kabla yeye hajasogea. Kutoka begani panda mpaka pale shingo inapokutana na mgongo, chini ya manyoya ya shingo, ukune kwa nguvu. Farasi marafiki hukunana hapo kwa meno, na utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kukunwa sehemu hiyo hushusha mapigo ya moyo wa farasi. Mdomo wake wa juu ukianza kurefuka na kutikisika, umepata penyewe. Kumpiga makofi ya shingo kama pongezi, ambako tunakuona kwenye mashindano, hakumwambii lolote; mkune.

Brashi ije baadaye: mwonyeshe, anuse, umguse nayo begani, uiondoe. Sehemu ngumu kwa wengi ni tumbo, ndani ya mapaja na masikio. Nenda mpaka pale anapoanza kukaza misuli, rudi pale anapopapenda, kisha jaribu tena. Kamwe usimshike sikio kwa nguvu ili azoee.

Kuhusu vitu vitamu mkononi, msimamo wangu ni wa katikati. Vinafundisha kweli, na kwa farasi mwoga vinaokoa muda mwingi. Ila mpe tu pale anapokuwa amegeuza pua mbali na wewe. Akikusukuma mfukoni, asipate kitu. Kama huwezi kushika sharti hilo kila mara, weka zawadi kwenye ndoo, au acha kabisa, maana farasi wa kilo 500 anayekagua mifuko si jambo la kuchekesha.

## Kubana na kuachia

Mafunzo mengi ya farasi yanategemea jambo moja: unaweka uzito mdogo, anajibu, unaondoa uzito. Anachojifunza ni kile alichokuwa akifanya wakati ulipoachia. Ukichelewa sekunde mbili tatu, umefundisha kitu kingine.

Mvalishe hatamu isiyo na lijamu, na kamba ndefu ya mita tatu hivi. Kamba isizungushwe mkononi hata mara moja. Ikunje iwe mikunjo bapa uishike katikati, ili akichomoka ikutoke bila kuondoka na vidole. Vaa viatu vigumu na glavu. Kisha kaza kamba kidogo kuelekea mbele, kama uzito wa kikombe, ubaki hapo bila kuongeza. Atafikiri. Anaweza kuinua kichwa, anaweza kuvuta nyuma. Wewe baki na uzito ule ule, usivutane naye. Akiegemeza tu mwili mbele, hata kabla mguu haujanyanyuka, legeza kamba papo hapo. Mara chache za mwanzo ni kazi ya subira. Baadaye atatembea kwa kamba iliyolegea.

Kwa njia hiyo hiyo mfundishe kusimama, kurudi nyuma hatua moja, kushusha kichwa kwa kuguswa nyuma ya masikio, na kusogeza mapaja ya nyuma kando. Hilo la mwisho usiliruke. Farasi anayejua kusogeza sehemu ya nyuma ukimwomba, unaweza kumzuia asikuelekezee mateke, na unaweza kumgeuza akishtuka. Maliza somo anapofanya vizuri, hata kama ni dakika ya nne. Tamaa ya "mara moja tena" huharibu kilichokuwa kimeshapatikana.

Kumfunga kamba mlingotini ngoja mpaka aelewe kwamba akisonga mbele kamba inalegea. Asiyeelewa akishtuka atarudi nyuma kwa uzito wake wote, na kitu kitakatika, labda ni shingo yake. Tumia fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

## Kwato

Mguu ni uhai wake. Akikupa mguu, amekukabidhi uwezo wake wa kukimbia, kwa hiyo usishangae likiwa jambo la mwisho analokubali.

Simama kando ya bega, uso wako ukielekea mkia. Pitisha mkono kutoka begani, nyuma ya mguu, mpaka chini ya goti. Bana kidogo ile kano ngumu iliyo nyuma ya mguu. Utahisi uzito wake ukihama kwenda mguu wa pili: bega litashuka kidogo upande ule na huu wako utakuwa mwepesi. Kwato ikiinuka hata sentimita moja, irudishe chini wewe mwenyewe, taratibu, kabla hajaipokonya. Umkune. Mara ya pili ishike muda wa pumzi moja, na siku zinazofuata uongeze. Akinyakua mguu, usimpige wala usiung'ang'anie. Fuata mwendo wake ukiweza, anza tena kwa muda mfupi zaidi.

Miguu ya nyuma ianze kwa kuguswa tu, ukiwa umesimama karibu na paja, mkono mmoja umekaa juu yake ili ujue anavyokaza. Usipige magoti kamwe karibu na miguu ya farasi. Chuchumaa, uweze kuruka. Fundi wa kwato aje anaposimama vizuri, na baada ya hapo kila wiki 6 hadi 8. Mwambie fundi ukweli kuhusu farasi huyo. Fundi mwenye haraka anaweza kufuta kazi ya mwezi mzima asubuhi moja.

## Kumtambulisha kwa wenzake

Karantini ikiisha salama, wawe jirani wa uzio mmoja kwa siku kadhaa. Watanusana, watapiga kelele kali, watapiga miguu ya mbele chini. Hiyo ni salamu yao. Chagua mwenyeji mmoja mpole awe rafiki wa kwanza, uwaweke wawili kwenye uwanja mpana usio na kona finyu, wala si kwenye uwanja wa mwenyeji mwenyewe. Waliovalishwa viatu vya chuma nyuma wavuliwe kwanza. Weka mafungu ya nyasi yaliyozidi idadi ya farasi, yakiwa mbalimbali, ili anayefukuzwa kwenye moja apate lingine. Wakishapatana, ongeza wengine mmoja mmoja.

Usiogope kwamba akipata marafiki atakusahau. Farasi mwenye kundi hutulia, na aliyetulia hujifunza upesi.

## Akirudi nyuma

Itatokea. Jana alisimama akapigwa brashi, leo anauma. Kabla ya kusema ana jeuri, uliza mwili. Je, anakula kama kawaida? Kuna uvimbe, joto kwenye kwato, kidonda chini ya mshipi wa tandiko? Kama ni jike, yuko kwenye joto la kutaka dume? Nafaka imeongezwa? Jirani yake wa uzio amehamishwa? Maumivu ya ghafla huonekana kama tabia mbaya mara nyingi kuliko wenye farasi wanavyotaka kukubali. Daktari akishasema mzima, rudi hatua mbili kwenye yale anayoyajua vizuri, uanzie pale. Lakini farasi anayekushambulia kwa makusudi, anayekujia kwa meno au kusimama kwa miguu ya nyuma juu yako, usijaribu kumrekebisha peke yako kwa kusoma mwongozo. Tafuta mkufunzi, umtazame akifanya kazi na farasi wengine kwanza. Ukiona farasi wake wana macho yaliyotoka na mikia iliyobanwa, tafuta mwingine.

## Kumpanda

Hakuna tarehe. Kwa farasi aliyekwisha fundishwa, na mwenye afya, wiki 3 au 4 mara nyingi hutosha. Aliyeteswa anaweza kuhitaji miezi. Nitaangalia mambo haya: anakuja mwenyewe au anangoja nikimfuata, anatembea kwa kamba iliyolegea, anasimama akivalishwa tandiko bila kufungwa, na hakunji masikio mshipi unapokazwa. Tandiko la farasi wako wa zamani si lazima limfae. Likibana mabega au kugusa uti wa mgongo, kila kitu ulichojenga kitabomoka ukiwa juu yake.

Siku ya kwanza vaa kofia ngumu, pandia kwenye jukwaa dogo ili usimvute mgongo upande, ukae tu. Akisimama tuli, mkune, shuka. Kesho yake tembeeni uwanjani, simameni, geukeni pande zote mbili. Safari ya kwanza nje ya uwanja iwe fupi, na farasi mwingine aliyezoea njia atangulie. Akisimama kutazama kitu, mruhusu atazame huku vigwe vikiwa vimelegea. Akiisha kupumua, mwombe hatua moja. Mkiwa njiani kurudi tembea tu, usimruhusu kwenda shoti kuelekea nyumbani, na mkifika usimvue tandiko pale pale langoni: mzungushe uwanjani dakika chache kwanza, ndipo ushuke, ulegeze mshipi na kumpeleka kwenye maji.